Majibu Manne, Mitego Mitatu

Mkulima wa Mau Narok amevuna kilo 600 za viazi. Akiuza asilimia 15, atabaki na kilo ngapi? A: 90. B: 510. C: 585. D: 690.

Jibu ni 510. Hayo mengine hayakuokotwa ovyo. Wa 90 alipata asilimia, akasahau kuitoa. Wa 585 alitoa 15 kana kwamba ni kilo. Wa 690 alijumlisha. Watunzi wa mitihani huyaita vipotoshi, na vipotoshi vizuri huchumwa katika makosa ambayo wanafunzi huyafanya kila mara. Hapo ndipo penye hatari: mtoto aliyekosea anaikuta hesabu yake imeandikwa mbele yake, anachora kistari kwa furaha na kuendelea.

Afadhali ayafunike majibu kwa kiganja, apige hesabu pembeni, ndipo atafute herufi.

Tangu 1985 hadi 2023, watoto wa darasa la nane kote Kenya walifanya KCPE kwa namna hii: karatasi ya hisabati ilikuwa na maswali 50, kila moja na majibu manne, na mashine ndiyo iliyosahihisha. Mtihani huo umeondoka, lakini KPSEA, unaofanywa na Gredi ya 6 tangu 2022, nao huuliza maswali ya kuchagua.

Je, kubahatisha kunafaa? Anayebahatisha maswali yote 50 atapata, kwa wastani, 12 au 13. Akijua kiasi cha kuondoa vipotoshi viwili katika kila swali, wastani unapanda hadi 25. Basi ujuzi nusu una thamani yake, na pale ambapo kosa halikatwi alama, kuacha kisanduku wazi ni kujinyima bure.

Kuna ushauri mmoja unaopaswa kuachwa: kwamba jibu la kwanza lisiguswe. Mwaka 2005, Justin Kruger na wenzake walichapisha uchunguzi wa karatasi zaidi ya 1,500 za wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Kati ya majibu yaliyofutwa na kubadilishwa, asilimia 51 yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi. Asilimia 25 tu yaliharibika. Imani ya kale hudumu kwa sababu kubadilisha jibu lililokuwa sahihi kunauma na hukumbukwa miaka, ilhali kosa lililorekebishwa husahaulika siku hiyohiyo. Mtahiniwa aliyemaliza mapema na mwenye sababu ya kutilia shaka swali la 17 ana haki ya kuchukua kifutio.