Je, Wajua? Trekta la Kale Nalo Huhitaji Bima

Je, wajua kwamba nchini Uingereza trekta lenye zaidi ya miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara, lakini kuliendesha barabarani bila bima ni kosa la jinai?

Chukua mfano wa Ferguson TE20, trekta dogo la kijivu lililoundwa Coventry kati ya 1946 na 1956. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, na mengi yamefufuliwa na wapenzi wake.

Bima ya kawaida hulipa bei ya soko baada ya kukata uchakavu. Hapo mwenye trekta huumia: injini imefunguliwa hadi pete za pistoni, boneti imekwanguliwa kutu na kupakwa rangi upya, lakini kwenye karatasi bado ni mashine ya mwaka 1950.

Ndiyo maana ipo bima ya thamani ya makubaliano. Mwenye trekta na kampuni huafikiana kiasi mapema; trekta likiteketea kabisa au likiibwa lisionekane tena, hulipwa kiasi hicho.

Weka ushahidi: picha za kila hatua ya matengenezo, stakabadhi za vipuri, namba ya trekta na tathmini ya mtaalamu. Thamani hiyo ipitiwe kila bima inapohuishwa.

Soma masharti: bima nyingi za aina hii ni za maonyesho na misafara ya hisani. Ukilima nalo kwa malipo, dai lako la fidia laweza kukataliwa.