Kiswahili cha Konyo Konyo

Mwaka jana nusura somo langu lifutwe. Shule ninayofundisha hapa Juba ni ya sekondari, ya watu binafsi, na Kiswahili kimo kwenye ratiba kama somo la hiari. Muhula ulipoanza walijiandikisha wanafunzi 38. Kufikia wiki ya sita walibaki 11. Mkuu wa shule akaniita, akaniambia kwa upole kwamba darasa la watu 11 halirudishi hata pesa ya chaki.

Ndugu msomaji, kosa lilikuwa langu. Mimi nilisomea Kakuma, kambi iliyofunguliwa nchini Kenya mwaka 1992, nikafunzwa Kiswahili kwa mtaala wa Kenya: ngeli, insha, na methali za watu wa pwani kwa watoto ambao hawajawahi kuiona bahari. Tulikariri tukafaulu. Nami nikawaletea vijana wa Juba ngeli zilezile, nikizieleza kwa Kiingereza ambacho wengi wao bado wanahangaika nacho.

Nilirejea mwaka 2007, miaka miwili baada ya mkataba wa amani. Wenzetu waliokulia Khartoum walirudi na Kiarabu chao, na uliyerejea miaka ile unajua jinsi tulivyotazamana. Katiba ya 2011 ilipofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi, walimu wengi waliosomea kwa Kiarabu, wengine wenye uzoefu kuliko sisi, waligeuzwa wanafunzi tena. Mmoja wao ni mwalimu wetu wa hisabati, mama wa makamo ambaye sote twamwita Ustaza.

Likizo ilipofika nilikwenda Elegu, ng'ambo ya Nimule, kuchukua katoni ya vitabu kutoka Nairobi. Rafiki yangu wa tangu Kakuma, ambaye siku hizi ni dereva wa lori la Mombasa, ndiye aliyenibebea. Ustaza akasema, "Twende wote, mdogo wangu. Nataka sabuni ya duka la binti yangu." Ile barabara ya kilomita 192, iliyofunguliwa ikiwa na lami mwaka 2012, wafanyabiashara mnaijua kuliko mimi. Tulifika salama, na hilo peke yake ni jambo la kushukuru.

Elegu ndiko nilikopata somo. Ustaza alimwuliza mchuuzi mmoja Mkenya bei ya katoni ndogo ya sabuni, kwa kuinyoshea kidole tu. Jibu likaja: "Elfu arobaini na saba, mama." Nikafungua mdomo nitafsiri, lakini yeye alikwisha kuruka: "Ghali!" Yule akasema hapana, hiyo ni rahisi. "Rahisi?" akasema Ustaza. "Hasara!" Mchuuzi akacheka, akashuka hadi arobaini na nne. Hapo Ustaza akakwama. Alihesabu elfu 47 akamkabidhi, na mchuuzi, Mungu ambariki, akamrudishia elfu tatu.

Safari nzima ya kurudi alikuwa akiandika nyuma ya daftari lake. Soko, duka, bei, ghali, rahisi, faida, hasara, deni, mizani, sanduku, sukari, sabuni, kitabu, kalamu. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, mia, elfu. Yote hayo Kiswahili kiliyapata kwa Waarabu, na yote hayo, kwa matamshi kidogo tofauti, husikika Konyo Konyo kila asubuhi. Kilichomkwamisha ni tarakimu za Kibantu: moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi. Akanigeukia: "Miaka yote hii ulikuwa unawafundisha nini?"

Tangu hapo naanzia kwenye Kiarabu cha Juba. Hata kitenzi, ambacho ndicho kilichokuwa kikiwafukuza, kina mlango wake. Mtoto wa Juba husema *ana gi ruwa* akiwa njiani, na *ana bi ruwa* akiwa bado hajaondoka. Basi ile *gi* ndiyo "na" katika ninakwenda, na ile *bi* ndiyo "ta" katika nitakwenda. Tofauti ni kwamba Kiarabu chetu huyaacha maneno yamesimama mbalimbali, Kiswahili huyashona pamoja. Kijana anayesema "mimi kwenda soko" si mjinga. Anasema Kiarabu cha Juba kwa maneno ya Kiswahili. Ngeli zinakuja baadaye, kwani Kiarabu hiki hakina mfano wake, na hapo hakuna njia ya mkato.

Wapo wazazi wanaoniuliza kwa nini lugha nyingine ya kigeni wakati Kibari na Kidinka havijapata vitabu vya kutosha. Wana haki ya kuuliza. Mimi huwajibu kwamba tangu 2016 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwamba dereva wa Mombasa hatajifunza Kibari kwa ajili yetu. Jibu hilo haliwatoshelezi wote.

Darasa sasa lina wanafunzi 26, na mkuu wa shule amenipa hadi mwisho wa mwaka. Jumamosi tunakwenda nao Konyo Konyo kuuliza bei. Ustaza ndiye anayefundisha kipindi cha hesabu za soko, na mimi hukaa dawati la nyuma. Bado husema nane anapotaka nne, na watoto humsahihisha kwa furaha kubwa.