Je, Fundi wa Igwachanya Atanunua Kitabu cha Biashara ya Kusafisha Vioo?

Na Mwandishi Wetu, Igwachanya – Njombe

Kila jengo jipya linalokamilika Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe mkoani Njombe, huongeza idadi ya vioo vinavyohitaji kusafishwa. Ofisi za umma, vituo vya kutolea huduma za afya, shule, nyumba za kulala wageni na maduka hujengwa sasa kwa madirisha ya alumini yenye vioo vipana. Kazi ya kuvisafisha ipo, na mafundi wenye uwezo wa kuifanya wapo. Linalokosekana mara nyingi ni maarifa ya kuigeuza kazi hiyo kutoka kibarua cha siku moja na kuwa biashara yenye wateja wa kudumu, bei inayoeleweka na kumbukumbu zinazoaminika.

Maarifa ya namna hiyo yanaweza kuandikwa kitabuni. Hata hivyo, kuandika kitabu ni jambo moja na kukiuza kwa fundi ni jambo jingine. Makala haya yanaeleza iwapo fundi wa Igwachanya, Njombe au Makambako anaweza kutoa fedha yake kununua kitabu kinachofundisha biashara ya kusafisha madirisha, na kitabu hicho kinapaswa kuwa cha namna gani ili fedha hiyo isipotee.

Mazingira ya kazi

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Una wilaya nne, ambazo ni Njombe, Wanging'ombe, Makete na Ludewa, na kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 una wakazi 889,946. Makambako, mji ulio katika makutano ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma na barabara iendayo Njombe na Songea, una pia kituo cha reli ya TAZARA. Mji wa aina hiyo hukusanya wasafiri, na wasafiri huleta mahoteli, migahawa, benki na maduka, ambayo yote hupenda vioo vyake vionekane safi kutoka barabarani.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Makambako hutajwa pamoja na Singida miongoni mwa maeneo ya nchi yenye upepo wa kutosha kuzalisha umeme. Upepo huohuo, wakati wa kiangazi, hubeba vumbi la barabara za udongo na kulibandika kwenye madirisha. Masika nayo hurusha matope hadi kwenye vioo vya chini. Kwa hiyo dirisha lililosafishwa leo litahitaji kusafishwa tena baada ya wiki chache, na hapo ndipo biashara inapozaliwa.

Fundi tayari anakijua kioo

Wengi hudhani kwamba msomaji wa kitabu cha aina hii ni kijana asiye na ujuzi wowote. Kwa Igwachanya, msomaji wa kwanza anaweza kuwa fundi wa alumini, fundi wa rangi au seremala. Huyu ndiye anayefika kwenye jengo kabla ya mwenyewe kuhamia, na ndiye anayeona matone ya rangi na saruji yaliyobaki kwenye vioo. Usafi wa jengo lililomalizika kujengwa ni soko lililo jirani naye, lakini mara nyingi huifanya kazi hiyo bure, kama nyongeza ya kumfurahisha mteja.

Fundi huyo hahitaji kurasa nyingi za kumweleza kioo ni nini. Anahitaji mambo machache ya kitaalamu ambayo pengine hakuyapata kwa aliyemfundisha kazi. Kwa mfano, saruji ikiachwa juu ya kioo kwa muda mrefu huweza kukila na kuacha alama isiyoondoka. Mchanga usiposuuzwa kwanza kwa maji mengi, kitambaa huugeuza kuwa msasa unaochora mikwaruzo. Kioo kinachopigwa na jua kali hukausha sabuni kabla haijafutwa na kubaki na michirizi, hivyo inafaa kufuata upande wenye kivuli kadiri jua linavyozunguka.

Vifaa vya kazi si vingi. Ndoo mbili, sabuni ya maji, vitambaa visivyoacha nyuzi, wembe maalumu wa kukwangua, ngazi imara na kile kifaa chenye ukingo wa mpira cha kuvutia maji vinatosha kuanzia. Kifaa hicho cha mpira katika umbo lake la sasa kinahusishwa na Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa msafisha madirisha huko California, Marekani, katika miaka ya 1930. Kwa fundi aliyezoea kung'arisha kioo kwa gazeti kuukuu, kifaa hicho peke yake hupunguza sana muda wa kazi.

Kwa nini fundi husita kununua kitabu

Ufundi katika maeneo mengi ya nchi hurithishwa kwa mkono na jicho. Kijana hukaa karibu na fundi mkuu, hubeba vifaa, hutazama, kisha hukabidhiwa kazi ndogo. Kwa mtu aliyejifunza hivyo, kitabu huonekana kuwa kitu cha shule, si cha kazi.

Sababu ya pili ni maudhui. Vitabu vingi vya biashara vinavyofika mikononi mwa wananchi husimulia namna mtu fulani alivyotajirika. Msomaji huinuka na ari, lakini Jumatatu asubuhi anapoulizwa na mteja bei ya madirisha 40 hana jibu bora kuliko alilokuwa nalo Ijumaa. Vingine vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa bei za nchi nyingine na kwa majengo marefu ambayo hayapo Wanging'ombe.

Sababu ya tatu ni fedha. Kwa fundi anayelipwa kwa siku, shilingi 10,000 si kiasi cha kujaribia bahati. Ataitoa pale tu atakapoona kwamba itarudi.

Hesabu inayoweza kumshawishi

Tuchukue mfano wa kukadiria. Fundi anaitwa kusafisha madirisha 40 ya ofisi. Kwa kutazama tu anataja shilingi 1,000 kwa kila dirisha, yaani shilingi 40,000. Msaidizi anamlipa 15,000, usafiri wa kupeleka na kurudisha ngazi unagharimu 8,000, sabuni na vitambaa 5,000. Jumla ya gharama ni 28,000, na yeye anabaki na 12,000 kwa kazi ya siku nzima. Ngazi ikivunjika, fedha ya kununua nyingine haipo.

Fundi mwingine anaanza kwa kuandika gharama zake, anaongeza ujira wake na akiba ya vifaa, ndipo anapanga bei. Anafikia shilingi 1,500 kwa dirisha, anaieleza kwa maandishi na mteja anakubali. Mapato ni 60,000 na baada ya gharama zilezile anabaki na 32,000. Tofauti ya 20,000 imetokana na ukurasa mmoja wa hesabu. Kitabu chenye ukurasa huo, kikiuzwa shilingi 10,000, kimejilipa mara mbili katika kazi moja. Hii ndiyo lugha ambayo fundi anaielewa, na muuzaji wa kitabu anapaswa kuanza nayo.

Hesabu hiyo ina hatua ya pili. Nchini Uingereza, wasafishaji wengi wa madirisha huishi kwa mzunguko wa wateja wanaotembelewa kwa ratiba, kila baada ya wiki kadhaa. Mzunguko huo huhesabiwa kuwa mali, kiasi kwamba mwenye kuacha kazi huweza kumuuzia mwenzake. Fundi wa Makambako mwenye hoteli tatu, benki moja na maduka sita yanayomsubiri kila mwezi yuko katika hali tofauti kabisa na yule anayeamka kila siku kutafuta mteja mpya. Kitabu kinachomfundisha kupanga ratiba hiyo kimempa jambo ambalo ufundi wa mkono haukumpa.

Historia inasema nini

Wapo wanaoamini kwamba Mtanzania wa kipato cha chini hasomi. Historia ya nchi inapinga dhana hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa "Mtu ni Afya" iliunganisha vipindi vya redio, vijitabu vya Kiswahili chepesi na vikundi vya kusoma vijijini, na kuwafikia watu wapatao milioni mbili. Kabla yake, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliotekelezwa katika Kanda ya Ziwa kati ya mwaka 1968 na 1972 kwa ushirikiano na UNESCO uliandaa vitabu vya kujifunzia kusoma vilivyozungumzia kazi za wananchi wenyewe, zikiwemo kilimo cha pamba na migomba, uvuvi na ufugaji.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa wazi. Vitabu vilihusu kazi ambayo msomaji angeifanya kesho yake, na havikusomwa kwa upweke. Shirika la Kazi Duniani (ILO) linafuata njia hiyohiyo katika programu yake ya mafunzo ya kuanzisha na kuboresha biashara, ambayo imetumika katika nchi zaidi ya 100, ambapo vitabu vya kazi huambatana na mkufunzi na mazoezi ya hesabu. Kijitabu kikiwa na kikundi, hata mwanakikundi asiyesoma kwa wepesi hupata faida yake kupitia mwenzake.

Nyaraka ndizo mlango wa kazi za umma

Jambo zito zaidi katika suala hili ni fursa zinazowapita wasio na nyaraka. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni hutangazwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Huduma za usafi ni miongoni mwa kazi ambazo kikundi kidogo kinaweza kuzimudu bila mtaji mkubwa.

Aidha, halmashauri zinapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, ikigawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba mkopo kununua ngazi na vifaa hulazimika kueleza kitapata wapi wateja na kitarejesha vipi.

Kitabu kitakachonunuliwa, kwa hiyo, ni kile kinachobeba nyaraka hizo tayari kwa kujazwa: fomu ya makadirio ya bei, mkataba mfupi wa huduma, ankara, daftari la mapato na matumizi, na mfano wa andiko la mradi. Kieleze hatua za kusajili jina la biashara BRELA, kupata namba ya mlipakodi TRA na leseni ya biashara katika halmashauri. Kieleze pia namna VETA inavyorasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, ili ustadi wa miaka mingi uwe na cheti cha kuuthibitisha.

Usalama usisahaulike. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawalinda wafanyakazi, na biashara hii ina hatari ya kuanguka. Kanuni rahisi ya ngazi ni moja kwa nne: kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita moja kutoka ukutani. Mchoro mmoja wa kanuni hiyo unaweza kuokoa maisha ya mtu.

Jibu la swali

Fundi wa Igwachanya atanunua kitabu endapo ataambiwa mapema kitamrudishia nini, kimeandikwa kwa Kiswahili chake na kwa bei za soko lake, na kinafaa kubebwa kazini kama kinavyobebwa kipimo cha futi. Hatanunua kitabu cha kumsifia utajiri wa watu asiowajua.

Mwandishi anayekusudia kukitoa kitabu cha namna hiyo anashauriwa kuanza na kijitabu chembamba, akijaribu kwanza kwa mafundi wachache wa Igwachanya na Makambako na kurekebisha kurasa zitakazowakwamisha. Maduka ya vifaa vya ujenzi, ambako fundi hununua silikoni na misumari, yanaweza kuwa mahali bora pa kukiuzia kuliko duka la vitabu. Maofisa Maendeleo ya Jamii na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, wanaweza kukitumia katika mafunzo ya vikundi.

Kwa upande wao, mafundi wanahimizwa wasisubiri kitabu kichapishwe ndipo waanze kuweka kumbukumbu. Daftari la kawaida lenye safu tatu, yaani kazi iliyofanyika, gharama iliyotumika na fedha iliyopokelewa, linaweza kufunguliwa leo. Atakayekuwa nalo ndiye atakayekisoma kitabu hicho kwa faida kubwa zaidi, na ndiye atakayekuwa na cha kuonyesha halmashauri itakapotangaza mikopo au zabuni ya usafi.