Marafiki wa Bungoma na Kitale

Sisi wa pwani tukisikia kanisa la bara, twafikiria vipaza sauti na mapepo. Lakini Bungoma na Kitale wako Wakristo waitwao Marafiki, au Quaker, wasiobatiza kwa maji. Wamishonari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi yenye Quaker wengi kuliko Kenya. Wenzao Uingereza huabudu kwa kukaa kimya. Huku kuna mchungaji na nyimbo. Kwaya za Waluhya zisingevumilia kimya kile!

Marafiki ndio walioanzisha shule ya Kamusinga na hospitali ya Lugulu. Ila mzazi ampelekae mwanawe Kamusinga siku hizi atafuta alama, si imani. Udunia huingia hivyo, polepole, bila mtu kumkana Mungu. Sensa ya 2019 ilihesabu wasio na dini 755,750 tu, kati ya Wakenya milioni 47.6.

Mzee mmoja wa Kitale aliniambia vijana wake huliona kanisa siku ya harusi na mazishi. Nikanyamaza. Alfajiri msikitini kwetu huwa ni wazee tisa na kijana mmoja.