Uhamisho wa Mwanza: Nani achague mtaa?

Barua ya uhamisho ina tabia moja: inakuja na jina la mtu mmoja tu. Iwe ya benki, ya halmashauri au ya mgodini, haimtaji mwenza wako, na watoto waliozoea shule yao na marafiki zao hawamo kabisa kwenye karatasi ile. Lakini mnaohama ni nyote. Na mkishafika, kitu cha kwanza kitakachowapa raha au kuwatia kwenye kasheshe ni mtaa mtakaoishi.

Kwetu barua ilikuwa ya mume wangu. Kutoka Dar kwenda Mwanza, cheo kimepanda, hongera nyingi. Alitangulia wiki tatu, akawa analala gesti. Jioni moja akanipigia simu ana furaha ile mbaya. "Mama watoto, nimepata nyumba! Ukikaa barazani, ziwa lote liko chini ya miguu yako." Akanitumia picha. Kweli bwana, palikuwa pazuri: mawe makubwa yamebebana, Ziwa Victoria linang'aa, jua linazama. Nikamwambia lipa. Akalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake.

Mwezi wa kwanza haujaisha, nikagundua tulipanga picha, hatukupanga nyumba.

Nyumba ilikuwa juu mlimani, barabara ni mawe matupu. Maji ya bomba yalikuwa yanapanda usiku, mara mbili kwa wiki wakijaliwa. Shule tuliyopata ilikuwa upande wa pili wa jiji, kwa hiyo mtoto wetu mkubwa, wa darasa la tatu, alikuwa anaamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi basi. Mume wangu? Ofisi yake ilikuwa dakika kumi kwa gari. Anatoka saa mbili kasoro, anarudi jioni, anakaa barazani kutazama jua. Mimi niliyekuwa nafanyia kazi zangu nyumbani ndiye niliyejua bei ya dumu moja la maji likipandishwa mlimani na kijana wa mkokoteni.

Siku moja akaniambia, "Pazuri hapa, au siyo?" Nikanyanyuka nikaingia ndani. Siku tatu tukawa tunasalimiana tu. Aliye kwenye ndoa anaujua ukimya wa namna hiyo.

Baadaye tulipokaa na kuongea nikaona hakuwa na nia mbaya. Aliiangalia ile nyumba kwa macho ya saa kumi na mbili jioni, akaipenda. Hakuijua saa nane mchana, kwa sababu saa nane mchana yeye huwa hayupo. Tangu hapo nina kanuni yangu, na wengi nimewapa: mtaa achague yule atakayeishi nao mchana.

JIJI LA BARABARA TATU

Kabla ya kumpigia dalali, ijue ramani. Mwanza imebanwa kati ya ziwa na milima ya mawe, kwa hiyo jiji limekua kufuata barabara. Kuna kubwa tatu zinazotoka mjini kati kama vidole. Ya Makongoro inakwenda kaskazini, Kirumba, Pasiansi, hadi uwanja wa ndege. Ya Nyerere inakwenda mashariki, Mabatini, Nyakato, Igoma, halafu Kisesa na njia ya Musoma. Ya Kenyatta inashuka kusini, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa, kisha Usagara na njia ya Shinyanga.

Ukikaa kwenye kidole kimoja na ukafanya kazi hapo hapo, maisha ni mepesi. Shida ni kuruka kutoka kidole kimoja kwenda kingine, maana mara nyingi lazima urudi kwenye kiganja, yaani mjini kati, pamoja na foleni yake. Njia za kuunganisha zipo, kama ya Sabasaba hadi Buswelu kupitia Kiseke, lakini ipite kwanza wewe mwenyewe asubuhi ya siku ya kazi ndipo uihesabu.

Kwa hiyo nyumba, shule na ofisi viwe kwenye kidole kimoja. Ikishindikana, anayevuka jiji awe mtu mzima, siyo mtoto. Mwenye mshahara ndiye avumilie foleni. Mtoto wa miaka minane hajaomba uhamisho.

KILA MTAA NA TABIA YAKE

Capri Point ni rasi iliyoingia ziwani, karibu kabisa na mjini. Pametulia, kuna miti, nyumba za zamani na hoteli. Kodi yake si mchezo, na kwa kuwa wengi wako nyuma ya geti, mtoto wako anaweza kumaliza mwezi hajapata wa kucheza naye. Isamilo ni mlimani, mandhari yake ni ya kadi ya posta, na iko karibu na mji. Ila muulize mwenye nyumba habari za maji kabla hujaanza kusifia upepo.

Pasiansi, Kitangiri na Bwiru zinamfaa anayefanya kazi upande wa uwanja wa ndege au Kirumba. Nyakato na Igoma zina viwanda, masoko na daladala kibao. Kuna pilikapilika, lakini hukosi kitu. Nyegezi na Malimbe ziko jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kwa hiyo kuna wanafunzi wengi, hosteli na muziki wa wikiendi. Wanandoa wasio na watoto wanaweza kupafurahia kuliko mama mwenye kichanga.

Kiseke, Nyasaka na Buswelu ndiko familia nyingi changa zinakojenga na kupanga. Huko uko Manispaa ya Ilemela, iliyotenganishwa na Jiji mwaka 2012, na ofisi zake ziko Buswelu. Ukiwa na shida ya kiofisi, usije ukapanga foleni Nyamagana kumbe mkurugenzi wako yuko kwingine.

Kama kazi yako ni ya Sengerema au Geita, hesabu imebadilika. Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Zamani hapo mlisubiri kivuko, na kivuko hakina haraka na mtu. Sasa wa Sengerema anaweza kulala Buhongwa au Usagara na bado akawahi kazini. Wa Geita nitamshauri tofauti: zaidi ya kilomita 100 kila asubuhi ni ndoa ya simu. Ama mhamie wote Geita, ama mkubaliane wazi kwamba mtaonana wikiendi.

MAJI, MVUA NA ZIWA

Mgeni huwa haelewi: ziwa hilo hapo, vipi maji yakosekane? Ni kwa sababu maji hayapandi mlima yenyewe, lazima yasukumwe kwa pampu. Kwa miaka mingi jiji lilitegemea zaidi chanzo cha Capri Point, na miaka ya karibuni kimeongezeka cha Butimba. Hata hivyo, ya bondeni na ya mlimani si hali moja. Dalali atakwambia "maji yapo". Usibishane naye. Angalia nyumba za jirani: ukikuta kila moja ina simtanki la lita elfu kadhaa, umeshajibiwa.

Mvua nayo ina maswali yake. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji ya milimani yote yanatafuta bonde, na Mto Mirongo unaokatiza mjini huwa haubishi hodi. Nyumba ya bondeni itazame ukutani, chini karibu na sakafu. Rangi mpya hapo tu, kwingine ya zamani? Uliza maji yalifika wapi.

Na wewe unayeota nyumba ya ufukweni, kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Siyo sheria ya kuonea watu. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi ya miaka ya 1960, na 2024 likapanda zaidi. Waliojenga kwenye mchanga walihama na magodoro kichwani.

Halafu kuna kichocho. Vimelea vyake huishi ndani ya konokono wa majini, kisha hupenya ngozi ya anayeoga au kucheza kwenye maji ya pembeni. Dawa ipo na inaponya, lakini mkikaa karibu na ufuko, wekeni sheria ya nyumbani: kuangalia ruksa, kuogelea hapana.

SHULE KABLA YA SEBULE

Wengi wetu tunapanga nyumba kwanza, halafu ndiyo tunatafuta shule. Geuzeni. Tafuteni shule mbili tatu mnazozimudu, kisha mzunguke kutafuta nyumba jirani nazo. Mwenye uniforomu kwenye daladala anajua anavyosukumwa na makonda, kwa sababu nauli yake ni ndogo. Mtoto anayetembea kwenda shule analala zaidi na anafika nyumbani jua bado lipo.

Kabla ya kuondoka mlikotoka, maliza uhamisho wa mtoto na mwalimu mkuu. Hakikisha una namba yake ya PReM, ile ya Baraza la Mitihani, maana ndiyo inayomfuata kila aendako. Beba na cheti cha kuzaliwa mkononi, siyo kwenye lori la mizigo.

YULE ALIYEFUATA

Sasa tuongee wenyewe. Katika kila uhamisho kuna aliyeitwa na aliyefuata. Aliyeitwa anafika akakuta dawati, wenzake na mtu wa kula naye mchana. Aliyefuata, awe mke au mume, ameacha kazi au biashara, ameacha mama yake jirani, ameacha hata yule mama wa genge aliyekuwa anamkopesha nyanya. Anaanza sifuri. Ukimpeleka sehemu ambayo hawezi kutoka bila gari, na gari umeondoka nalo wewe, umemfungia ndani hata kama nyumba ina vigae.

Ndiyo maana nasema apewe kura ya turufu. Aliyeitwa aseme bajeti na umbali anaoweza kuvumilia, aliyefuata aseme mtaa.

JARIBUNI HIVI

Moja, atakayekuwepo mchana aje aone kwa macho yake, hata kwa wikiendi moja. Nauli ya basi ni ndogo kuliko kodi ya miezi sita ya majuto.

Mbili, uoneni mtaa mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku. Mchana utaona vumbi, usiku utasikia baa.

Tatu, ombeni kuanza na miezi mitatu. Wenye nyumba wengi watakataa, lakini akikubali mmoja mmeokoka.

Nne, ulizeni wasiokula kamisheni: mama wa genge, bodaboda wa kijiweni, mwenyekiti wa mtaa. Mkisha kuhamia, kajitambulisheni kwake, na asubuhi msalimie jirani "mwangaluka". Usukumani salamu inafungua milango mingi.

Tano, nendeni na watoto. Wa kwetu mdogo ndiye aliyeuliza, "Mama, hapa wenzangu wako wapi?"

Sisi miezi sita ilipoisha tulihamia upande wa Kiseke. Nyumba ni ndogo, iko tambarare, na ukikaa barazani unachoona ni ukuta wa jirani na mwembe wake. Mkubwa anaamka saa kumi na mbili, anatembea kwenda shule na watoto wa mtaani. Anayeendesha gari dakika arobaini sasa ni baba yao. Mwanzoni alinuna kidogo. Siku hizi anaingia, ananikuta nacheka na majirani nje, anaweka begi chini na kukaa na sisi.

Ziwa hatujaliacha. Jumapili jioni tunalifuata wote wanne, tunanunua samaki, tunatazama jua linazama, halafu tunarudi nyumbani.