Safari ya Bagamoyo: Jinsi ya Kuipanga

Katika somo la leo tutazungumza juu ya safari ya mapumziko. Hatusemi safari ya harusi wala ya msiba, bali safari ya kwenda kuona mambo ya kale na kujifunza. Tutachukua mfano wa kikundi cha watu wazima 30 wa Kwa Mathias, Kibaha, wanaotaka kwenda Bagamoyo kwa siku 2. Kiongozi wa kikundi aweke ubao na chaki tayari, maana mbele tutafanya hesabu.

Wengine watasema, "Bagamoyo ni mkoa wetu huu huu wa Pwani, ya nini kupanga?" Basi tazameni yanayotokea kwa wasiopanga. Hupanda gari alfajiri, hufika, huona kuta zilizobomoka, hula samaki, hurudi jioni. Ukiwauliza wameona nini, hujibu, "Mawe." Fedha imekwisha, na watoto nyumbani hawana la kusimuliwa.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza si gari wala chakula. Jambo la kwanza ni swali. Kikundi kikae pamoja na kukubaliana juu ya jambo moja ambalo kinataka kulijua. Sisi leo tuchukue swali hili: Ni nani waliotembea katika njia ya misafara?

Katika karne ya 19 misafara ilikwenda bara kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji, mwendo wa kilomita kama 1,200 kwa miguu. Iliporudi ilileta pembe za ndovu. Watu wengi hudhani kwamba kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Sivyo. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliobeba kwa ujira. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa, wakaletwa pwani na kuvushwa mpaka Unguja kuuzwa, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukomesha biashara hiyo ya baharini mwaka 1873. Mtu asiyetenganisha habari hizi mbili atawapa watoto wake nusu ya habari tu.

Jambo la pili ni kuchagua mahali pa kwenda. Msichague pengi. Siku ya kwanza nendeni Kaole, kusini kidogo ya mji. Hapo pana magofu ya misikiti 2 na makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo. Mji huo ulikuwako karne nyingi kabla ya misafara, na mtaona kwamba pwani yetu ilikuwa na miji na biashara zamani sana. Alasiri nendeni katika mji mkongwe, mtazame jengo la misafara na Boma la Wajerumani, ambao waliufanya mji huo makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891.

Siku ya pili nendeni kwenye misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako watu waliokombolewa utumwani walipewa makao. Pana makumbusho na mnara wa kanisa la zamani. Mwezi wa Februari 1874 mwili wa Daktari Livingstone ulilazwa hapo kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Livingstone alikufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao ndio waliouchukua mwili huo kwa miguu mpaka pwani, safari ya miezi mingi. Mkisimama hapo, kumbukeni swali letu. Nao walikuwa watu wa njia ile.

Jambo la tatu ni wakati. Epukeni masika, yaani Machi mpaka Mei. Miezi ya Juni mpaka Septemba yafaa zaidi. Kama mnapenda ngoma na maigizo, ulizeni tarehe za tamasha la kila mwaka la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Lakini siku za tamasha wageni ni wengi, basi tafuteni malazi mapema. Hata waendao Peru, Amerika ya Kusini, kuona mji wa kale wa Machu Picchu, hununua tiketi mapema yenye saa ya kuingia, kwani idadi ya wageni kwa siku ina kikomo.

Jambo la nne ni fedha. Kiongozi, sasa andika ubaoni. Watu 30 wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja kwa wiki, hupatikana 60,000. Kwa wiki 20 ni 1,200,000. Tengeni sehemu moja ya kumi, 120,000, iwe akiba ya ugonjwa au gari kuharibika. Zinabaki 1,080,000, yaani 36,000 kwa kila mtu. Je, zatosha nauli, malazi, chakula, viingilio na ujira wa mwongozaji? Msikisie. Tumeni watu 2 wakaulize bei, na waulize pia kama njia ya Mlandizi na Makofia ni nzuri, au ni heri kupitia Dar es Salaam na Bunju. Fedha zisipotosha, ongezeni wiki au punguzeni siku. Ujira wa mwongozaji msiupunguze, maana bila yeye mtarudi kusema, "Mawe." Mweka hazina asome daftari mbele ya wote kila wiki.

Jambo la tano ni adabu. Bagamoyo ni mji wa watu wanaoishi. Vaeni nguo za heshima, pigeni hodi, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Mkienda mwezi wa Ramadhani, msile njiani. Msipande juu ya makaburi ya Kaole, wala msiokote hata kigae kimoja. Kigae kikiondolewa mahali pake hakiwezi tena kumfundisha mtu.

Mkisharudi, fanyeni mkutano mmoja, na watoto waitwe. Kila msafiri aseme jambo moja alilolijua juu ya swali lenu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini tumesema swali litangulie gari?
2. Mpagazi wa ujira na mtumwa walitofautianaje?
3. Kikundi chenu kina watu wangapi, na kila mmoja aweza kutoa kiasi gani kwa wiki? Fanyeni hesabu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.