Kodi ya Serikali na Kodi ya Nyumba

Wanafunzi wetu wa tafsiri hukwama mara kwa mara kwenye neno "kodi". Je, ni fedha anazodai mwenye nyumba, au zile zinazodaiwa na serikali? Katika mada ya dola ya ustawi, yaani dola inayobeba jukumu la afya, elimu na makazi ya raia, kosa hilo hupotosha maana nzima.

Tuchukue mji wa Vienna, Austria. Mwaka 1923 halmashauri ya jiji ilianzisha kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba, wenye makazi ya kifahari wakitozwa zaidi. Kufikia 1934 zilikuwa zimejengwa nyumba zaidi ya 60,000. Kwa kuwa fedha hizo hazikuwa mkopo wa kurudishwa, wapangaji walilipa kidogo, kiasi cha matengenezo tu. Kodi moja ilishusha nyingine.

Uingereza nayo ilikuwa na nyumba nyingi za halmashauri, lakini sheria ya 1980 iliwapa wapangaji haki ya kuzinunua kwa bei ya punguzo. Wengi wakawa wamiliki. Nyumba za kupangisha zikapungua, na waliokuja baadaye wakabaki kwenye foleni. Vienna haikuuza zake: jiji bado linamiliki nyumba zipatazo 220,000.

Kwa hiyo tunashauri darasani "kodi" ibaki kwa serikali, na "pango la nyumba" litumike kwa mpangaji. Mwanafunzi akiyatenganisha hayo, ataweza kuuliza swali lenye uzito: ni nani anayelipia paa la mnyonge?